"Basi Aliyemla Ni Nani?" Makosa ya Hoja na Nguvu ya Ushawishi katika Visakale vya Viumbe wa Ajabu, kutoka Nyarusange hadi Pemba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi visakale vya viumbe wa ajabu katika Afrika Mashariki vinavyojenga ushawishi, na mahali ambapo ushawishi huo huachana na mantiki. Yanaongozwa na visa vitatu: mamba Gustave wa mto Ruzizi nchini Burundi, mngwa wa Lindi, na Popobawa wa Pemba na Unguja. Hoja kuu ni kwamba kosa la msingi la visakale hivi si kuamini kuwapo kwa mnyama wa ajabu. Kosa ni kuruka kutoka dhara lililotokea hadi kwa mtendaji mwenye jina bila kupita katika ngazi za ushahidi. Makala yanaonyesha pia kwamba kosa hilo hutendwa na wageni wenye elimu sawasawa na wenyeji, na kwamba tamaduni zetu zenyewe, katika ngano za Kiswahili na katika taasisi ya bashingantahe, zina mbinu za kulipima.

1.0 Utangulizi

Nyarusange ni eneo la vilima katika mkoa wa Gitega, katikati ya Burundi. Atokaye huko kwenda Ziwa Tanganyika hana budi kuvuka mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na maji ya Nili, ambao vilele vyake hupita mita 2,000. Hata hivyo, ni huko huko vilimani, nilipokuwa nikikusanya ngano za Kirundi, ndipo mzee mmoja aliponieleza kwamba Gustave, yule mamba mkubwa wa Ruzizi, alikwisha kupanda hadi mto Ruvyironza na kumchukua kijana aliyekuwa akivuka wakati wa mvua nyingi.

Nilimjibu kwa heshima kwamba jambo hilo ni gumu. Ruvyironza humwaga maji yake katika Ruvubu. Ruvubu hupita kwenye hifadhi inayogusa Muyinga, huungana na maji ya Kagera, na Kagera huingia Ziwa Viktoria. Ruzizi, kwa upande wake, hushuka kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika, na maji ya Tanganyika huishia katika mto Kongo. Mito hiyo miwili haina njia ya kukutana, na mamba hapandi milima. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, basi aliyemla ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshinda hoja ya jiografia, lakini yule kijana alikuwa bado amepotea, na mzee alikuwa bado na haki ya kuuliza. Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: huzuni ya kweli na hoja yenye kasoro. Mtafiti anayeiona kasoro peke yake atawadharau watu, na anayeiona huzuni peke yake atawaacha wapotee.

2.0 Kisakale, Ngano na Dai la Ukweli

Wataalamu wa fasihi simulizi hutofautisha ngano na kisakale kwa kigezo cha dai la ukweli. Mtambaji wa ngano za Kirundi anapomleta igisizimwe, lile zimwi linalomeza watu, hakuna msikilizaji anayeuliza linaishi kilima gani au lilionekana mwaka gani. Kuna mapatano ya kimyakimya baina ya fanani na hadhira kwamba kisemwacho si taarifa. Kisakale huvunja mapatano hayo. Hutaja mto, hutaja msimu, hutaja mtu aliyeona, na humtaka msikilizaji akubali. Kwa hiyo kisakale ni hoja, hata kama kimevaa nguo za hadithi, na hoja ina haki na wajibu wa kupimwa.

Aristotle alizitaja njia tatu za kushawishi: haiba ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya maneno yenyewe. Kisakale cha kiumbe wa ajabu hutumia zote tatu, lakini si kwa kipimo kimoja. Haiba hubebwa na shahidi ("aliyeniambia ni mtu mzima, hawezi kusema uongo"). Hisia hubebwa na hofu na msiba. Mantiki huachiwa nafasi ndogo iliyobaki, nayo hapo ndipo hujipenyeza makosa. Makosa manne yanajirudia katika visa vitakavyojadiliwa: kumpa dhara mtendaji mmoja bila kuchuja watendaji wengine, kugeuza ukosefu wa ushahidi kuwa ushahidi, kutegemea ukongwe au umaarufu wa kisa badala ya uthibitisho, na kumtisha msikilizaji ili akubali.

3.0 Gustave wa Ruzizi

3.1 Jina na uzito wake

Mamba wa Nili wapo Ruzizi na katika fukwe za kaskazini za Tanganyika, na huwaua watu. Hilo si kisakale. Wavuvi, wachota maji na watoto waogao wako hatarini kila siku. Kisakale kinaanza pale ambapo mamba wengi wanakuwa mmoja. Jina Gustave lilitolewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi na kumfuatilia mamba huyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Alielezwa kuwa ni mkubwa kuliko wenzake wote, mwenye makovu ya risasi mwilini, na urefu wake ukakadiriwa kupita mita 6.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina bila kusimama. Kabla ya jina, msemaji wa Kirundi husema *ingona*, mamba, na neno hilo laweza kumhusu mamba yeyote. Baada ya jina, kila shambulio linatafuta mwenyewe. Kitu kilichopewa jina la mtu hupewa pia nia, kumbukumbu na kisasi. Mtu akiuawa Rumonge leo na mwingine Kanyosha kesho, jina moja laweza kuyabeba matukio yote mawili bila kuulizwa kama mamba mmoja aliweza kuwa kote. Mzee wa Nyarusange alifanya yale yale, ila aliongeza umbali. Jina lilikwisha kupanda mlima kabla ya mnyama.

3.2 Mtego ulioshindwa

Filamu ya maelezo iliyotangazwa mwaka 2004 ilionyesha jitihada za Faye na wenzake za kumkamata Gustave kwa kizimba cha chuma chenye urefu wa mita 9 hivi na uzito wa karibu tani moja. Mitego na vyambo vya aina mbalimbali havikufaulu. Mwishoni aliwekwa mbuzi hai ndani ya kizimba. Usiku huo dhoruba ilipiga na kamera ikazimika. Asubuhi kizimba kilikutwa kimezama kwa sehemu na mbuzi hayupo.

Tuangalie kwa utulivu kinachofuata kimantiki kutokana na habari hizo. Kinachofuata ni kwamba mbuzi hakuwepo. Yawezekana mamba mkubwa alimchukua, yawezekana mamba wa kawaida, yawezekana maji yaliyopanda yalimtoa, yawezekana mtu. Lakini katika masimulizi yaliyofuata, tukio hilo limekuwa uthibitisho wa werevu wa Gustave: angenaswa, ingekuwa kweli yupo; hakunaswa, basi ni kweli yupo na ana akili. Hoja ya namna hii haiwezi kushindwa na tukio lolote, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Dai ambalo kila matokeo yanalithibitisha halijasema lolote kuhusu mto.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba katika kisa hiki hiki mlikuwa na hoja nzuri. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mamba mwenye ukubwa huo lazima awe amepita miaka 100. Kisha ilionekana kwamba alipofungua kinywa meno yake yalikuwa kamili, ilhali mamba mkongwe kiasi hicho angetarajiwa kuwa karibu kibogoyo. Makadirio yakashushwa hadi miaka 60 hivi. Hapa dalili iliyoonekana iliruhusiwa kuipunguza hadithi, na aliyeitoa hadithi akakubali ipungue. Hata hivyo urefu wenyewe haukuwahi kupimwa kwa kamba wala futi. Tulinganishe na Lolong, mamba wa maji chumvi aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011: alilazwa, akapimwa, na mita 6.17 zikaandikwa. Namba ya Lolong ni kipimo. Ya Gustave ni kadirio. Msimuliaji huzitamka zote kwa sauti moja, na hadhira haina namna ya kusikia tofauti.

3.3 Idadi ya wafu na vita vilivyonyamaziwa

Inasemwa mara nyingi kwamba Gustave aliua watu 300. Namba hiyo hurudiwa bila kuambatana na orodha ya majina, na kila anayeirudia humtegemea aliyemtangulia. Hili ni kosa linalojulikana, lakini katika Burundi lina gharama ambayo haionekani katika vitabu vya mantiki.

Sifa ya Gustave ilikua katika miaka ya vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Katika miaka hiyo maiti zilitupwa mitoni, Ruzizi ukiwamo, na wapo waliosema kwamba ndipo mamba walipozoea nyama ya binadamu. Mtu aliyekwenda mtoni asirudi angeweza kuwa ameliwa na mamba, amezama, amepigwa risasi, au amekimbilia ng'ambo. Palipokuwa hatari kumtaja mtendaji mwenye bunduki, mamba alikuwa mtendaji asiye hatari kumtaja. Sidai kwamba kila kifo kilichohesabiwa kwa Gustave kilikuwa cha vita. Ninadai kwamba hesabu isiyo na majina haituwezeshi kujua, na kwamba kutojua huko kuliwafaa waliotaka yasijulikane.

Mwaka 2004, mwaka ule ule wa filamu ya kizimba, usiku wa tarehe 13 Agosti, zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Wanyamulenge kutoka Kongo, waliuawa katika kambi ya Gatumba, karibu na delta ya Ruzizi. Mwaka 2007 ilitoka sinema ya Marekani, *Primeval*, iliyopigwa Afrika Kusini na kutangazwa kwa msingi wa kisa cha Gustave. Mtazamaji wa mbali aliyesikia neno Ruzizi mara moja tu katika maisha yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba alilisikia kwa sababu ya mamba. Huu nao ni ushawishi: uchaguzi wa kifo kipi kinastahili kisa. Wala haukufanywa na mzee wa kilimani.

4.0 Mngwa wa Lindi na Mama wa Ngano

Wapo wanaodhani makosa haya ni ya wasiosoma. Historia ya mngwa inawakanusha. William Hichens, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika na mhariri wa tenzi za Kiswahili, aliandika mwaka 1937 kuhusu wanyama wa ajabu wa Afrika. Alieleza mauaji yaliyotokea Lindi katika miaka ya 1920 ambayo watu waliyahesabu kwa mngwa, au nunda, paka mkubwa wa kijivu asiye simba wala chui. Ushahidi ulikuwa maneno ya mashahidi waliojaa hofu na manyoya yaliyokutwa kwa waliouawa. Akaongeza ushahidi wa tatu: kwamba mngwa anatajwa katika ushairi wa kale unaonasibishwa na Fumo Liongo.

Ushahidi huu wa tatu unavutia kwa sababu unatoka kwa msomi, tena mpenzi wa lugha yetu. Lakini shairi la kale linathibitisha kuwa neno ni la kale. Halithibitishi mnyama. Kwa mantiki hiyo hiyo tungelithibitisha zimwi, kwa maana nalo ni kongwe. Ukongwe wa kisa hutuambia kisa kimeishi muda gani vinywani mwa watu. Hautuambii ni nani aliyekuwa gizani Lindi. Manyoya nayo yalikuwa dalili njema zaidi, lakini dalili ya paka si dalili ya paka asiyejulikana.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waswahili walikuwa na kipimo bora kuliko hicho, na kilikwisha kuchapishwa. Edward Steere aliweka katika mkusanyiko wake wa ngano za Unguja wa mwaka 1870 hadithi ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anakula ndama, na sultani anakataa kumwadhibu kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Paka anaendelea na mifugo, kisha watu, hadi anawala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo tu ndipo baba anapokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Kijana mdogo anatoka kwenda kumsaka. Kila anapoua mnyama, anamburura hadi nyumbani huku akiimba kwamba amemuua nunda, na kila mara mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa, na jibu ni lile lile, mpaka anapopatikana yule ambaye alama zake zinalingana na alama zilizotajwa.

Katika hadithi hiyo mna makosa na tiba yake. Sultani ndiye mwenye hoja potofu: anatumia umiliki kuukwepa ushahidi uliokwisha kuonekana. Mama ndiye mwenye mantiki. Tukumbuke kwamba mama huyo ana msiba, na anayemletea mzoga ni mwanawe anayehatarisha maisha. Kila sababu ya moyo inamtaka aseme, "Ndiye, inatosha, kaa nyumbani." Anakataa, kwa kuwa kumkubali mnyama asiye mwenyewe ni kumwacha nunda aendelee kula. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kwa nini ushahidi ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la darasa.

5.0 Popobawa na Hoja ya Tishio

Mwaka 1995, kuanzia Pemba na baadaye Unguja na Dar es Salaam, watu walishikwa na hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwaingilia watu usiku majumbani mwao. Familia zililala nje, zikikesha pamoja kuzunguka moto. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, na kama Martin Walsh alivyoonyesha katika uchunguzi wake wa mwaka 2009, maelezo ya kisiasa yalizidi kuambatishwa na hofu hiyo kadiri muda ulivyopita: kila upande ukaona mkono wa upande mwingine.

Kwa mwanafunzi wa balagha, kiini cha kisa hiki ni sharti moja: aliyeshambuliwa alisemekana kuamriwa awaambie wengine, na asiposema angerudiwa. Kisa kimebeba ndani yake amri ya kusambazwa. Anayesimulia hutekeleza sharti. Anayenyamaza hujiweka hatarini. Anayetilia shaka huitwa mlengwa anayefuata. Hapa msikilizaji haombwi kupima, anaombwa kuogopa, na wingi wa wanaosimulia unahesabiwa kuwa wingi wa walioona.

Hofu hiyo haikuishia katika maneno. Katika mji wa Zanzibar umati ulimuua mtu mmoja, mgonjwa wa akili, kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Gustave na mngwa walificha wauaji, Popobawa alimzalisha. Hizi ni pande mbili za kosa moja. Dhara lisilo na mtendaji anayejulikana hutafuta mwenye kubebeshwa, na akikosekana mnyama, hutafutwa mtu asiye na wa kumtetea.

6.0 Onyo na Shtaka

Je, visakale hivi visisimuliwe? La hasha. Lazima tutofautishe onyo na shtaka. Mama wa Ruzizi anayemwambia mwanawe, "Usioge hapo, Gustave yupo," anatoa onyo. Onyo halihitaji mtendaji mahususi: mamba yeyote anatosha kulifanya la kweli, na likizidisha chumvi, gharama yake ni mtoto kuogopa maji yanayostahili kuogopwa. Shtaka ni kitu kingine. Shtaka linasema nani alitenda, lini na wapi, na matokeo yake ni kwamba uchunguzi hufungwa au mtu hupigwa. Makosa mengi niliyoyataja hutokea pale maneno ya onyo yanapotumiwa kama maneno ya shtaka bila msemaji kutambua kwamba amevuka mpaka.

Burundi haihitaji kuazima kipimo cha shtaka. Taasisi ya bashingantahe, ambayo ni ya kale kuliko ukoloni na ambayo Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaka irejeshewe hadhi, imejengwa juu ya kusikiliza pande zote mbele ya watu kabla ya kutamka hukumu. Umushingantahe hathaminiwi kwa wepesi wa kutoa jibu. Anathaminiwa kwa kupenda ukweli na kwa subira ya kuungojea. Mbele yake mlalamikaji haambiwi kwamba huzuni yake ni uongo, bali huulizwa: Uliona nini wewe mwenyewe? Uliambiwa nini na nani? Ni nini kingine kingeweza kusababisha haya? Maswali hayo matatu yanatosha kukibomoa kisakale cha shtaka na kukiacha kisakale cha onyo kikiwa kizima. Ninapendekeza yaingizwe katika ufundishaji wa fasihi simulizi shuleni, ili mwanafunzi akichambua kisakale asiishie kwenye wahusika na mandhari, aulize pia dai lake linasimama juu ya nini.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba visakale vya viumbe wa ajabu hushawishi kwa sababu vinajibu swali la haki kwa haraka isiyo ya haki. Vinampa aliyefiwa jina la kushika. Wageni waliokuja na vizimba, kalamu na kamera walitoa majina hayo hayo kwa sababu zao wenyewe, na hawakuwa waangalifu kutuzidi.

Nilirudi Nyarusange mwaka uliofuata nikamtembelea yule mzee. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa limenikalia, na kwamba jibu langu ni moja: hatujui bado. Ruvyironza wakati wa mvua huweza kumchukua mtu bila kuhitaji mamba, lakini hata hilo sikulishuhudia. Alitikisa kichwa, akasema jibu hilo ni zito kulibeba kuliko mamba. Kisha akanitajia jina la kijana, la baba yake na la kilima chao, akaniomba niyaandike. Niliyaandika. Sikuyachapisha hapa, lakini yamo katika daftari langu, na hiyo ni orodha ya mtu mmoja.